Vyelezo nitanunua tena, unga hapana

Mwezi Februari mwaka jana nililipa shilingi 1,110,000 kwa kampuni moja ya hapa Mwanza ili inisafishie mabwawa ya samaki kwa mimea na bakteria. Mchanganuo ulikuwa hivi: vyelezo kumi vya kuotesha mimea juu ya maji, kimoja 85,000, pakiti nane za unga wa bakteria, moja 25,000, usafiri na kufunga 60,000. Jina la kampuni nimeliacha, maana vitu hivi sasa vinauzwa na watu wengi, na yaliyonipata mimi yanaweza kumpata yeyote anayelipa kabla ya kuuliza. Nimekaa navyo miezi kumi na minne, masika moja imepita juu yake na ya pili ndiyo inaanza, na kila Jumamosi nimepima maji nikaandika kwenye daftari. Ninayoeleza yanatoka humo.

Niko Kisesa, njia ya kwenda Musoma. Mabwawa yangu ni mawili, yote ya sato, kila moja mita 20 kwa 15 na kina cha mita 1.2. Yanapata maji kutoka kijito kinachoteremka toka kwenye mashamba ya nyanya, na yakishapita kwangu yanarudi kijitoni na kwenda zake ziwani. Mwaka wa kwanza maji yalikuwa mazuri, yana kijani kidogo tu, na samaki walikua vizuri. Mwaka wa tatu yakawa mlenda. Ukichota kwa kiganja na kuyamwaga, kiganjani unabaki utando wa kijani unaoteleza, unanuka matope. Nikatengeneza kisahani cha kupimia: kifuniko cha ndoo ya rangi, nimekipaka robo mbili nyeupe na robo mbili nyeusi zikipishana, nikakifunga kwenye fimbo yenye alama za sentimita. Unakizamisha taratibu mpaka kipotee machoni, unasoma alama. Bwawa zuri la sato kinapotea kwenye sentimita 30 hivi. Bwawa langu la juu kilipotea kwenye 11, la chini kwenye 12.

Lakini kilichonifanya nitoe pesa hakikuwa rangi ya maji. Kilikuwa ni sauti. Saa kumi na moja alfajiri, kabla hakujapambazuka, ukisimama kingoni unasikia bwawa zima linachapua midomo kama mvua ndogo inayoanza kudondoka. Ni sato wamepanda juu, midomo nje, wanatafuta hewa. Mwani ule wa kijani mchana unatoa oksijeni, ila usiku nao unapumua kama sisi, na ukiwa mwingi kupita kiasi unaimaliza yote kabla jua halijatoka. Mchana nako kuna balaa lake. Mwani ukifanya kazi kwenye jua kali unapandisha pH ya maji, yaani kipimo cha uasidi wake ambacho 7 ndiyo katikati; kwangu alasiri ilifika 9. Majini kuna amonia, inayotoka kwenye kinyesi na mabaki ya chakula; amonia ile ile ambayo kwenye pH 7 sehemu yake yenye sumu haifiki hata asilimia moja, kwenye pH 9 na maji ya nyuzi 28 sumu inakuwa kama asilimia 40. Kipimo cha matone kilinionyesha amonia miligramu 2 kwa lita. Basi samaki wangu usiku walikosa hewa, mchana wakanyweshwa sumu, na mimi nikawa najiuliza kwa nini miezi saba imepita na bado wana gramu 150.

Maji yalikuwa yamezidi rutuba, hilo ndilo jina la ugonjwa. Mbolea ya nyanya za huko juu ilichangia, lakini nyingi nilitia mwenyewe. Banda la kuku nilikuwa nimelijenga juu ya bwawa la juu ili kinyesi kidondoke majini, kama nilivyofundishwa kwenye semina. Bwawa la chini nililimwagia samadi kwa magunia. Juu ya hayo, pumba za mahindi na chakula cha kununua, kilo tano kwa siku kila bwawa, wamekula hawajakula.

Sasa nije kwenye huduma yenyewe.

Vijana wa kampuni walifika na kirikuu siku ya Alhamisi. Vyelezo vilikuwa vizuri kwa kuvitazama: mabomba ya plastiki ya inchi nne yaliyoungwa kuwa fremu ya mita 2 kwa 1.5, wavu chini, na juu godoro jepesi la sponji lenye matundu ya kupandia. Wakaanza kushusha miche. Nilipoona mabeseni mawili ya mwanzo nikasimama. Majani ya mviringo yanayong'aa, vikonyo vimevimba kama mapovu, mizizi myeusi kama manyoya. Gugumaji.

Nikamwambia yule kiongozi wao, "Mwanangu, hilo halishuki hapa." Akasema, "Mama, hili ndilo linalosafisha kuliko yote, utaona wiki mbili tu." Kuhusu kusafisha hakukosea, gugumaji linanyonya rutuba kwa kasi ambayo mimea michache inaifikia, na Wamarekani walilijaribu kwenye maji taka tangu miaka ya 1970. Lakini maji ya bwawa langu yanakwenda Ziwa Victoria. Mimi ni mtoto wa mvuvi. Gugumaji lilionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, na miaka ya 1990 nilimwona baba anakaa mwalo siku nne mfululizo kwa sababu mtumbwi haupiti, zulia la kijani limefunga toka ufukweni hadi upeo wa macho. Ilibidi waletwe fukusi wa kulitafuna, wadudu wenye asili ya Amerika Kusini kama gugu lenyewe, ndipo likapungua, na mpaka leo halijaisha. Mbegu zake zinakaa kwenye matope miaka mingi. Mtu anayemuuzia mfugaji wa kando ya ziwa gugumaji kama dawa ya maji anafanya kosa kubwa, na mfugaji anayelipokea analifanya pamoja naye. Nikawarudisha nalo.

Jumatatu walirudi na kana, yale maua mekundu ya bustanini, na vetiva, nyasi ndefu zenye mizizi mirefu. Mimi mwenyewe nikaongeza vipande vya mafunjo kutoka kwenye bwawa la maji la jirani, na magimbi mawili ya mama mkwe kwa kujaribu. Vyelezo vyote kumi tulivifunga bwawa la juu, jumla mita za mraba 30, yaani sehemu moja ya kumi ya uso wa maji. Bwawa la chini niliamua litumie unga peke yake. Hilo lilikuwa wazo la mwanangu anayesoma chuo cha uvuvi Nyegezi: alisema nikiweka kila kitu kila mahali sitajua kamwe kilichofanya kazi ni kipi. Siku hiyo hiyo nilihamisha banda la kuku na nikaacha samadi kwenye mabwawa yote mawili.

Unga sasa. Maelekezo yalikuwa: pakiti moja, lita tano za molasi, ndoo ya maji, acha usiku mzima, kisha mwaga bwawani jioni. Nikafanya. Usiku wa pili saa kumi nikaamshwa na mlinzi. Bwawa la chini lote lilikuwa limejaa midomo, na wengine walishageuka tumbo juu. Tuliingia majini mimi, mwanangu na mlinzi, tukapiga maji kwa ndoo na mabeseni, tunachota na kumwaga kutoka juu ili yachanganyike na hewa, mpaka pampu ya jirani ikafika na kuanza kurusha maji. Nakumbuka mikono yangu ilivyokuwa imekufa ganzi, na sato wanajigonga miguuni bila hata kukimbia. Jua lilipotoka niliokota 41 waliokufa. Wote ni wale wakubwa. Wakubwa ndio wanaotangulia oksijeni ikiisha.

Nilipopiga simu nilijibiwa kwamba ni kawaida, maji yanazoea. Si kawaida hata kidogo. Molasi ni sukari. Ukiimwaga kwenye bwawa ambalo tayari linapumua kwa shida, bakteria wanaila, wanaongezeka maradufu kwa saa chache, na kila mmoja anavuta oksijeni. Mtu anayeuza unga huo anapaswa kukwambia jambo hilo kabla hajakupa risiti: mwaga asubuhi jua likiwaka na si jioni, molasi kidogo sana, na kama huna pampu ya hewa usitie kabisa. Bwawa la juu halikutiwa unga wala molasi, na siku hiyo lilinusurika.

Baada ya hapo niliendelea na unga bila molasi, wiki mbili kwa wiki mbili, mpaka pakiti zote nane zikaisha. Niseme haki yake: kona ya kulishia kwenye bwawa la chini, ambako matope yalikuwa meusi na yananuka kama yai bovu, harufu ilipungua. Zaidi ya hapo sikuona kitu. Amonia ya bwawa la chini haikusogea, ilibaki kwenye 2 muda wote huo. Muuzaji aliniahidi siku tatu.

Mwanangu ndiye aliyenisomea pakiti. Bakteria walioandikwa pale ni jamii ya Basilasi. Hao wana uwezo wa kujifunga kwenye ganda gumu na kulala wakiwa wakavu, ndiyo maana wanaweza kuuzwa kama unga na kukaa dukani. Kazi yao ni kuvunjavunja uchafu: mabaki ya chakula, kinyesi, majani. Kuvunja huko kunazalisha amonia, hakuiondoi. Wanaobadilisha amonia ni wengine kabisa. Kuna Naitrosomonasi wanaoigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu kwa samaki, halafu wapo Naitrospira na Naitrobakta wanaoimalizia kuwa naitreti, ambayo samaki wanaivumilia. Hao hawajifungi kwenye ganda, hawapendi kukaushwa, wanazaana polepole, wanataka oksijeni nyingi, na wanataka mahali pa kushika. Hawapendi kuelea hovyo. Wanataka jiwe, nguzo, wavu, mzizi. Na wala huhitaji kuwanunua, kwa sababu tayari wamo kwenye kila kijito. Wanachokosa ni nyumba.

Na nyumba yao ndiyo chelezo.

Wiki ya saba tulivuta chelezo kimoja hadi kingoni tukakiinua upande mmoja, watu watatu. Kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani. Chini yake kulikuwa na msitu unaoning'inia: mizizi ya kana mieupe na minene, urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole, na katikati yake vinywele vya mafunjo vya rangi ya kahawia vilivyosukana. Kila unywele ulikuwa umevaa koti la ute. Nikapitisha vidole, ute ukatoka kama uji mwepesi wa ulezi, na ndani ya ute kulikuwa na vidudu vidogo vyekundu vinajikunja. Vifaranga vya sato vilikuwa vimejificha humo, na tulipokirudisha chelezo majini vilirudi palepale na kuanza kudonoa. Ule ute ndio bakteria wenyewe. Chembe za uchafu zinazoelea zinanasa hapo, samaki wanadonoa, amonia inapita na kubadilishwa. Sehemu ya nje ya ute ina oksijeni, ya ndani haina, na huko ndani wanaishi bakteria wengine wanaoichukua naitreti na kuifanya gesi ya naitrojeni, ile ile inayojaza asilimia 78 ya hewa tunayovuta. Inapanda na kuondoka zake. Nilikaa pale kingoni muda mrefu sana nikiitazama ile mizizi. Nilikuwa nimelipa 200,000 kwa ajili ya bakteria wa pakiti, na hawa walikuja wenyewe bila kuitwa.

Daftari linasema hivi. Mwezi Juni, wiki ya kumi na sita, kisahani cha bwawa la juu kilipotea kwenye sentimita 21, kutoka 11. Amonia ilikuwa imeshuka kutoka 2 hadi 0.5. pH ya alasiri ilikuwa 8.3, kwa sababu vyelezo vilitia kivuli na mwani ukapungua. Bwawa la chini, lililopata unga tu, kisahani kilifika 15, na nadhani hata hiyo ni kazi ya kuacha samadi. Sauti ya alfajiri bwawa la juu ilikoma mwezi Mei. La chini iliendelea.

Hapa ndipo nilipofanya hesabu ambayo muuzaji yeyote wa vyelezo angepaswa kuifanya mbele ya mteja, na hakuna aliyenifanyia. Chakula changu kina protini asilimia 30. Kila gramu 100 za protini zina naitrojeni gramu 16, na naitrojeni hiyo ndiyo inayogeuka amonia majini. Kilo moja ya chakula, basi, ina naitrojeni gramu 48; kilo tano, gramu 240. Samaki anajenga mwili kwa robo yake hivi, tukimpendelea sana theluthi. Zinazobaki, gramu 160 hadi 180, zinaingia majini kila siku iendayo kwa Mungu. Upande wa pili, mavuno. Nilianza kukata mimea mwezi Mei, na kwa mwezi nilipata kama kilo 180 za majani mabichi kutoka vyelezo vyote kumi. Ukiyakausha yanabaki kilo 22. Majani makavu ya namna hii yana naitrojeni asilimia 2 hivi. Hiyo ni gramu 440. Yaani mavuno ya mwezi mzima, watu wawili wamekata na kubeba tangu asubuhi, yanaondoa mabaki ya chakula cha siku ambazo hata tatu hazitimii.

Nilirudia hesabu hiyo mara mbili kwa kalamu. Naitrojeni ya siku zile nyingine inapita mikononi mwa bakteria wa mizizi na wa matope, au inatoka na maji kuelekea kijitoni. Fosforasi, rutuba ile nyingine, haina hata hiyo njia ya bakteria, kwa sababu haigeuki gesi. Fosforasi iliyoingia bwawani itatoka ndani ya samaki uliyemuuza, ndani ya jani ulilolikata, ndani ya tope ulilolichimba, au ndani ya maji uliyoyaachia. Usipovuna, mmea unazeeka, unaoza, unaanguka majini na kurudisha kila ulichonyonya. Vijana wa kampuni waliondoka hapa bila kunitajia neno kuvuna. Waliniambia maua yatapendeza.

Kwa hiyo Juni hiyo hiyo nilipunguza chakula kutoka kilo tano hadi tatu kwenye mabwawa yote mawili, nikaacha pumba, nikahamia chakula kinachoelea. Namwaga kidogo, nasubiri robo saa, kikibaki juu siongezi. Oktoba bwawa la juu lilifika sentimita 29. La chini lilifika 19, amonia 1. Na samaki? Nilipovua Desemba, bwawa la juu walikuwa na wastani wa gramu 310 kwa chakula kidogo kuliko mwaka uliotangulia. La chini gramu 240. Mwenye bwawa la samaki atanielewa nilivyojisikia.

Kasoro za vyelezo vyenyewe nizitaje, maana bei ile si ndogo. Sponji ilikuwa mbovu. Mwezi wa nne ilianza kumeguka kwa jua, na tulipopasua tumbo la samaki wa kitoweo tukakuta punje za sponji. Niliitoa yote siku hiyo. Mahali pake nikaweka chupa tupu za maji zilizofungwa kwenye wavu wa kufungia vitunguu, mimea ikashika vizuri zaidi. Kamba za kufungia vyelezo zilikuwa za plastiki nyembamba, upepo wa alasiri kutoka ziwani ukazikata mara mbili, na nikakuta vyelezo vyote vimejikusanya kona moja kama ng'ombe kwenye mvua. Sasa natumia kamba za nyavu.

Kuhusu mimea: kana ndiyo iliyonifaa kuliko zote, inakua haraka, ng'ombe wanaila, unaikata na inachipua. Vetiva ilichelewa miezi mitatu kabla haijaonyesha kitu, lakini mizizi yake inashuka chini kabisa na haisumbui. Mafunjo yana nguvu za ajabu, ila yalinipita kimo na kukipindua chelezo upepo ulipovuma. Ukiyataka, tengeneza chelezo kipana mara mbili na uyakate yakifika kifuani. Magimbi yaliota majani makubwa ya kupendeza na viazi vidogo mno. Niliyatoa.

Majani ninayokata nusu wanakula ng'ombe, nusu yanakwenda chini ya migomba. Nafanya hivyo kwa kuwa kijito changu kinatoka mashambani. Kama maji yako yanapitia mjini, mtu wa kando ya Mto Mirongo kwa mfano, usimlishe mnyama majani hayo. Mimea inanyonya na yasiyofaa.

Kiongozi wa wale vijana aliniambia hii ni teknolojia mpya kabisa kutoka Ulaya. Mjerumani mmoja, Käthe Seidel, alianza kujaribu mimea ya majimaji kwenye maji machafu huko Plön mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwa hiyo upya huo una zaidi ya miaka 70. Na ziwa letu lenyewe limekuwa likifanya kazi hiyo tangu lilipokuwepo. Mafunjo yanaelea yenyewe kando ya Victoria bila bomba wala sponji. Kampala, maji taka ya mji yamekuwa yakipita kwenye kinamasi cha Nakivubo kabla ya kufika Ghuba ya Murchison, na ghuba hiyo ndiyo mji unayochotea maji ya bomba kule Ggaba. Mafunjo yale yalipokatwa ili watu walime magimbi na miwa, kichujio nacho kilipungua. Hapa kwetu, bonde lililo kati ya bwawa langu na ziwa lilikuwa la mafunjo nilipokuwa binti mdogo. Leo ni mpunga na viwanja. Linaniuma kila ninapopita, kwa sababu nimeshaona kwa macho na kwa daftari kazi inayofanywa na mita 30 tu za mraba.

Mzee mmoja jirani, mwenye zile nyanya za juu, alikuja asubuhi moja mwezi Machi. "Mwangaluka, mayo," akasimama anatazama maua ya kana yalivyochanua katikati ya maji. Akaniuliza kama samaki wanakula maua. Nikamwonyesha daftari, na nikamweleza kwamba sehemu ya mbolea yake inaishia hapa. Hakukasirika. Aliuliza ni kiasi gani, na sikuwa na jibu zuri, lakini msimu huu amekubali kuacha ukanda wa matete wa hatua kumi kati ya matuta yake na kijito. Sijaona tofauti bado kwenye kipimo. Mvua zimeanza juzi.

Nitoe alama kama watu wanavyotoa. Vyelezo, nne kati ya tano, na tano ningewapa kama si ile sponji. Unga wa bakteria, moja kati ya tano kwa mwenye bwawa la wazi linalopata maji ya kijito. Tena usitie molasi bila pampu. Maelezo ya wauzaji, sitoi alama kwa sababu ya gugumaji na wale samaki 41.

Kama unataka kuanza, pima kwanza unachomwaga ndani kabla ya kununua cha kusafishia. Halafu unaweza kutengeneza mwenyewe. Mwezi uliopita nimeunda vyelezo vinne vya bwawa la chini kwa mabomba ya inchi nne, vifuniko, gundi, wavu na chupa za kuokota, na kila kimoja kimenigharimu shilingi 38,000 bila ufundi. Gundi usiibanie; bomba likivuja chelezo kinazama na miche yake. Kwa kuanzia weka sehemu moja ya kumi ya uso wa maji, panda kana kwa wingi na vetiva kidogo, subiri wiki kumi na mbili, kisha kata theluthi moja kila baada ya wiki tatu, acha theluthi mbili ziendelee kufanya kazi. Fungu la kwanza la vyelezo vyangu vipya nilivifunga Jumapili. Miche ya kana ninayo mingi na siiuzi. Anayepita Kisesa aje na panga na gunia, ila aje asubuhi, mchana inanyauka njiani.